Kuongeza RAM kwenye kompyuta ya mezani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na majibu ya fundi wa Mombasa

Maswali haya naulizwa karibu kila wiki na wenye saiba wa Likoni na Kisauni, wanafunzi wa Tudor, makarani wa ofisi za mjini na wazazi waliomnunulia mtoto mashine ya mtumba. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo hadi yale ya nadra. Huniuma kumwona mtu ametoa pesa yake kwa stiki ya RAM isiyoingia kwenye mashine yake, ilhali dakika kumi za kutazama zingemwokoa. Ukiwa na haraka, soma swali la 2, la 5 na la 12 kabla hujaenda dukani.

## Mambo ya mwanzo

1. RAM ni nini, na yatofautiana vipi na hadidiski?

Mfikirie fundi cherehani. Nguo anayoishona sasa iko mezani, vitambaa vingine viko kabatini. RAM ndiyo meza, hadidiski au SSD (diski ya kisasa isiyozunguka, yenye kasi zaidi) ndiyo kabati. Programu ikifunguliwa hutolewa kabatini ikawekwa mezani, na stima ikikatika kila kilicho mezani hufutika. Basi ikiwa tatizo lako ni kwamba picha na video hazina pa kukaa, hiyo ni habari ya diski, na kuongeza RAM hakutakusaidia.

2. Nitajuaje kwamba uzito wa kompyuta yangu watokana na RAM?

Usikisie, pima. Fungua kazi zako za kawaida zote kwa pamoja kama unavyofanya siku yenye wateja wengi, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa wakati mmoja. Itafunguka Task Manager. Ingia "Performance", halafu "Memory", uangalie asilimia. Kwa anayetumia Linux, amri ya `free -h` yatosha.

Ikiwa yacheza juu ya asilimia 85 wakati wa kazi, RAM haitoshi. Windows ikikosa nafasi huanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha vinapotakiwa, na hadidiski ya kuzunguka ni polepole mno ukiilinganisha na RAM. Ndiyo maana mashine huganda kila unapotoka dirisha moja kwenda jingine, na diski yasikika ikikwaruza.

Ikiwa RAM iko kwenye asilimia 50 lakini diski imekaa kwenye 100 muda wote, mkosaji ni diski. Ofisi moja ya kupitisha mizigo ya bandarini iliniita niwafikishe 16GB. Nilipofungua nikakuta hawatumii hata nusu ya 8GB waliyokuwa nayo, lakini hadidiski ilikuwa imechoka kabisa. Tukaweka SSD, RAM hatukuigusa, na mashine ikawa nyepesi siku ile ile.

Kuna jambo la tatu ambalo wengi hulisahau: joto. Feni ikijaa vumbi, prosesa hupunguza kasi ili isiungue, hasa miezi ya kaskazi. Safisha kwanza, ndipo upime.

3. GB ngapi zanitosha?

Kwa mashine ya saiba inayofungua iTax, eCitizen na WhatsApp kwenye kivinjari, na kuchapisha barua, 8GB. Kwa 4GB kazi hiyo yafanyika, ila mteja atangoja na wewe utaona haya. Ofisi yenye majedwali makubwa na madirisha mengi, au mwanafunzi wa programu, 16GB. Anayehariri video, anayechora majengo au anayeendesha kompyuta pepe ndani ya kompyuta, 32GB. Zaidi ya hapo, namba uliyoipima katika swali la 2 ndiyo ikuamulie.

4. Pesa yangu yatosha kimoja tu. Ninunue RAM au SSD?

Kama una 4GB na bado una hadidiski ya kuzunguka, mimi ningeanza na SSD. Mashine nzima itachangamka, na hata RAM ikijaa, kuhamishia vitu kwenye SSD hakuumizi kama kuhamishia kwenye diski ya zamani. Kama SSD tayari unayo, basi RAM.

## Kabla ya kutoa pesa

5. Ubao mama wangu watumia RAM ya aina gani?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote hapa. Ubao mama ni ule ubao mkuu ndani ya kasha, unaobeba prosesa na sloti, yaani nafasi za kuchomekea RAM. Aina hizi, DDR3, DDR4 na DDR5, haziingiliani hata kidogo, na ubao mmoja hutumia aina moja. Ipo mibao michache iliyotengenezwa na sloti za aina mbili, lakini hata hiyo huwezi kuzitumia zote kwa pamoja.

Njia ya uhakika ni kuzima mashine, kuchomoa stiki iliyomo na kusoma lebo yake. Pale dukani, kumwonyesha muuzaji stiki yenyewe, au picha yake kwenye simu, ni bora kuliko maelezo ya nusu saa. Bwana mmoja wa Likoni alivuka feri mara mbili kwa siku moja kwa sababu alikuja na jina la mashine tu, na mashine za jina hilo zilitoka za DDR3 na za DDR4.

Kama hutaki kufungua, tazama jina la prosesa. Kwa Intel Core, tarakimu zinazofuata kistari hutaja kizazi: i5-4590 ni kizazi cha 4, i5-6500 cha 6, i5-10400 cha 10. Kizazi cha 2, 3 na 4 ni DDR3. Cha 6 hadi cha 9 karibu zote ni DDR4, ingawa baadhi ya mibao ya cha 6 na cha 7 hutumia DDR3L. Cha 10 na 11 ni DDR4. Cha 12, 13 na 14 huenda ikawa DDR4 au DDR5 kulingana na ubao, kwa hiyo hapo lazima ufungue au usome jina la ubao wenyewe. Kwa AMD, Ryzen zinazokaa kwenye soketi (kikalio cha prosesa) ya AM4 ni DDR4, na zilizokuja na soketi ya AM5 mwaka 2022 ni DDR5 peke yake.

Task Manager nayo hukuonyesha, pale pale penye "Memory", kasi ya RAM, sloti ngapi zimetumika na ngapi ziko wazi. Programu ya CPU-Z hutaja aina waziwazi, na hailipiwi.

6. Nikibonyeza kwa nguvu, stiki ya DDR4 haiwezi kuingia kwenye sloti ya DDR3?

Haiwezi, na ukilazimisha utavunja sloti. Kila aina ina kikato chake kwenye ukingo wenye meno ya dhahabu, na kikato hicho kimewekwa mahali tofauti makusudi. DDR3 ya kompyuta ya mezani ina pini 240. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, na hapo ndipo watu huhadaika, lakini kikato hakilingani. Umeme nao ni tofauti: DDR3 yahitaji volti 1.5, DDR4 volti 1.2, DDR5 volti 1.1.

DDR3L ni DDR3 ya volti 1.35. Mibao mingi ya DDR3 huikubali bila shida. Kinyume chake ndicho cha kuogopa: ubao wa kizazi cha 6 ulioandikwa DDR3L usiupe DDR3 ya volti 1.5.

7. Ubao wangu wabeba GB ngapi mwisho?

Kikomo hutokana na prosesa, chipu za ubao na idadi ya sloti. Kwa Intel za DDR3, kizazi cha 2 hadi cha 4, stiki moja huishia 8GB. Basi ubao wa sloti 2 hufika 16GB na wa sloti 4 hufika 32GB. Kwa DDR4, mibao mingi ya vizazi vya mwanzo hukubali stiki za 16GB, na ya baadaye hukubali za 32GB. Tafuta jina kamili la ubao au modeli ya mashine kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kuamua. Kikomo cha Windows chenyewe kiko kwenye swali la 18.

8. Maandishi ya lebo yana maana gani?

Chukua lebo hii: 8GB 1Rx8 PC4-3200AA-U. 8GB ni ukubwa. PC4 ni DDR4, na PC3 ingekuwa DDR3. 3200 ni kasi. Herufi U karibu na mwisho ndiyo unayoitaka: ni stiki ya kawaida ya kompyuta ya mezani. Ukiona S, hiyo ni ya laptopu. Ukiona R, ni ya seva, na swali la 12 laeleza kwa nini uikimbie.

1Rx8 ni jinsi chipu zilivyopangwa, yaani kundi moja la chipu za upana wa 8. 2Rx8 ni makundi mawili. Kwa mibao ya sasa si jambo la kukunyima usingizi, ila kwa mibao mikongwe ni kila kitu (swali la 22).

Kwenye DDR3 utakuta PC3-12800. Hiyo 12800 ni megabaiti kwa sekunde, na ni stiki ile ile inayoitwa DDR3-1600. PC3-10600 ni DDR3-1333.

9. Stiki moja ya 8GB au mbili za 4GB?

Mbili, kama sloti zipo. Prosesa ina njia mbili za kufikia RAM, na ukiweka stiki moja njia ya pili yakaa bure. Stiki moja ya DDR4-3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde, na mbili kwenye njia mbili 51.2. Kwa kuandika barua hutaiona tofauti. Kwa mashine isiyo na kadi ya picha, ambayo huazima RAM kwa kazi ya skrini, utaiona, hasa kwenye michezo na video.

Lakini kama una sloti 2 tu na watarajia kuongeza mwakani, afadhali ununue moja ya 8GB sasa na ya pili baadaye, kuliko kuzijaza zote mbili kwa 4GB kisha uje kuzing'oa.

10. Naweza kuchanganya stiki za kampuni tofauti, ukubwa tofauti au kasi tofauti?

Madhali aina ni moja, mara nyingi ndiyo. Zote zitakwenda kwa kasi ya ile ya polepole. Ukichanganya 4GB na 8GB, sehemu ya kwanza itatumia njia zote mbili na iliyobaki njia moja, hakuna kitakachoungua. Mimi huchanganya kila wiki kwenye DDR3 na DDR4 na nyingi hukubali. Zikikataana utaona dalili za swali la 17 au la 20. DDR5 huwa na uchaguzi zaidi, hasa sloti zote 4 zikijazwa, kwa hiyo hiyo nunua jozi iliyouzwa pamoja.

11. RAM ya laptopu yaweza kutumika?

Kwenye kasha kubwa la kawaida, hapana, ni fupi. Ila zile kompyuta ndogo za ukubwa wa kitabu na zile ambazo skrini na mashine ni kitu kimoja, nyingi hutumia RAM ya laptopu hasa. Fungua utazame kabla hujanunua.

12. RAM ya mtumba ni salama? Ninunue wapi na nijihadhari na nini?

Mashine nyingi za mezani za mji huu zilikuja zikiwa zimetumika Uingereza au Dubai, na RAM zake ndizo zauzwa kwenye maduka ya upande wa Barabara ya Moi na Digo. Si kitu kibaya. RAM haichakai kama hadidiski, na stiki ya Samsung, SK hynix au Micron iliyofanya kazi miaka minane ofisini yaweza kufanya mingine minane. Mimi naziamini kuliko mpya zisizo na jina linaloeleweka.

Masharti yangu ni haya. Iwashwe mbele yako, kwenye mashine yako ikiwezekana, na uone namba ya GB kwa macho yako. Upewe risiti yenye muda wa kurudisha, hata wiki moja, nawe uitumie wiki hiyo kuipima usiku kucha (swali la 20). Meno yawe ya manjano safi, yasiwe na kijani wala madoa meusi.

Kuna mitego miwili ya bei rahisi. Wa kwanza ni RAM ya seva, ile yenye R. Sokoni huwa rahisi kwa sababu seva nyingi hustaafishwa kwa pamoja, na inaingia vizuri kabisa kwenye sloti ya DDR3 au DDR4, lakini ubao wa kawaida hauwaki nayo. Itambue kwa chipu ya ziada iliyokaa katikati ya stiki. Usiichanganye na ile yenye herufi E, ambayo hujisahihisha makosa na ina chipu 9 kwa upande badala ya 8. Hiyo baadhi ya mibao huikubali na mingine huikataa.

Mtego wa pili ni DDR3 zinazouzwa kwa ajili ya AMD peke yake. Zimepangwa kwa chipu ambazo Intel ya kawaida haizisomi. Mteja wangu mmoja alinunua mbili za 8GB kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni aliyekuwa hajaandika jambo hilo popote. Mashine yake ilikuwa i5, haikuwaka, na mwenye mali akakataa kuzipokea. Ukiona DDR3 ya 8GB bei imeshuka kuliko wenzake wote, uliza waziwazi kama yafanya kazi na Intel, na jibu uwe nalo kwa maandishi.

13. Mbona bei imepanda?

Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda duniani kote. Chipu karibu zote hutoka kwa kampuni tatu, ambazo ni Samsung, SK hynix na Micron, nazo zimeelekeza sehemu kubwa ya viwanda kwenye RAM za seva za akili mnemba, ambako faida ni kubwa zaidi. Muuzaji wa Mombasa hanunui kwa bei aliyonunua awali. Kwa sababu hiyo, kupima kwanza (swali la 2) kumekuwa na maana zaidi kuliko zamani.

## Kufunga

14. Naweza kufunga mwenyewe?

Waweza. Kwa mashine nyingi za ofisi hata bisibisi haihitajiki, kifuniko hufunguka kwa mkono.

Zima kwa utaratibu, chomoa waya kwenye soketi ya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 hadi 15 ili umeme uliobaki uishe. Usiruke hatua hii. Ubao huwa na umeme kidogo hata mashine ikiwa imezimwa, na nimeona stiki ikichomwa kwa kupachikwa huku taa ndogo ya ubao bado inawaka. Gusa bati tupu la kasha kabla ya kugusa stiki. Hewa yetu ya unyevu hupunguza umeme tuli, lakini haiumalizi.

Fungua vibanio vya sloti. Mibao mingine ina vibanio pande zote mbili, mingine upande mmoja. Linganisha kikato na kijiti cha sloti, simamisha stiki wima, bonyeza ncha zote mbili kwa vidole gumba hadi usikie kibanio kikilia chenyewe. Usikibane kibanio kwa mkono ili kuilazimisha, kwani kikikataa kujifunga maana yake stiki haijakaa. Wengi huogopa kubonyeza, na stiki iliyokaa nusu ndiyo sababu ya kwanza ya mashine kutowaka.

Ushike stiki kwa kingo, si kwa meno. Jasho la vidole lina chumvi.

15. Sloti ipi?

Ukiwa na sloti 4 na stiki 2 kwenye ubao wa kununua peke yake, kwa kawaida ni ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Mara nyingi huandikwa A2 na B2. Mashine za ofisi za Dell na HP zina mpangilio wao, kwa hiyo fuata rangi za sloti au za vibanio, au mchoro ulio upande wa ndani wa kifuniko. Stiki mbili ziwe kwenye rangi moja.

16. Hewa ya bahari yaharibu RAM?

Yaharibu miguso. Chumvi ikikutana na vumbi na unyevu hufanya utando juu ya meno ya stiki na ndani ya sloti. Kwenye maduka yaliyo wazi karibu na maji, Mji wa Kale au Likoni karibu na kivuko, nakutana na mashine ambazo dawa yake ni kuchomoa RAM, kuisafisha na kuirudisha, basi.

Safisha meno kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi, uache ikauke kabisa. Raba ya kufutia penseli twaitumia sana mafundi, nayo hufanya kazi, lakini dhahabu ya meno ni utando mwembamba na ukisugua kila mwezi utaimaliza. Iwe raba laini, mara moja moja, na vipande vyake uvipulize mbali na sloti. Msasa kamwe. Sloti yenyewe ipulizwe kwa blowa mashine ikiwa imechomolewa, na feni uzizuie kwa kidole zisizunguke.

Mashine iliyozimwa miezi mingi huota kutu kuliko inayowashwa kila siku, maana joto lake hufukuza unyevu.

## Ikikataa

17. Nimeweka RAM, feni zazunguka lakini skrini ni nyeusi, au yalia bipu. Nimeiua?

Kuna uwezekano mkubwa hujaiua. Tulia, chomoa stima, uanze upya.

Toa stiki zote, rudisha moja tu ya zamani iliyokuwa ikifanya kazi, kwenye sloti iliyokuwamo. Ikiwaka, ubao uko salama. Zima, weka mpya peke yake kwenye sloti ile ile. Ikikataa peke yake, stiki hiyo ama ni mbovu ama si ya ubao huu, rudi swali la 5 na la 12. Ikikubali peke yake lakini zote mbili zikikataa, basi hazipatani, au sloti ya pili ina shida. Jaribu kila sloti kwa stiki moja nzuri. Chukua karatasi uandike matokeo, kwa sababu ukifika mchanganyiko wa nne utakuwa umesahau wa kwanza.

Bipu na taa husaidia. Kwenye mashine nyingi za zamani za Dell, bipu 2 ni RAM haikuonekana, na 4 ni imeonekana lakini ina hitilafu. Kwenye HP nyingi za ofisi za zamani, taa nyekundu ikimetameta mara 5 pamoja na bipu 5 ni RAM. Mibao mipya huwa na taa ndogo iliyoandikwa DRAM.

Ikiwa hata stiki ya zamani sasa haiwaki, toa betri ndogo ya ubao, ile ya mviringo ya CR2032, kwa dakika chache waya ukiwa umechomolewa, kisha irudishe. Bayosi, programu ndogo ya ubao inayoiamsha mashine kabla ya Windows, itasahau mipangilio yake na kuanza upya. Saa na tarehe zitapotea pia, na zisiporekebishwa tovuti nyingi zitakataa kufunguka, kwa hiyo usishtuke.

18. Nimeweka 8GB, mbona naona pungufu?

Ukiona kama 3.4GB za kutumika, Windows yako ni ya biti 32, ambayo mwisho wake ni 4GB. Dawa ni kuweka ya biti 64, na hapo hakuna njia ya mkato. Windows 7 Home Basic ya biti 64 huishia 8GB na Home Premium 16GB.

Ukiona 7.8GB, hiyo ni sawa, kidogo kimeazimwa na picha za skrini. Ukiona nusu kamili, stiki moja haikukaa vizuri au sloti haisomi, fuata swali la 17. Mara chache mtu aliwahi kuweka kikomo ndani ya msconfig, penye "Maximum memory", akasahau. Ondoa tiki hiyo.

19. Stiki imeandikwa 3200 lakini yaonyesha 2133 au 2400. Nimeibiwa?

Hapana. Ama prosesa au ubao hauwezi zaidi ya hapo, ama kasi ya juu yahitaji kuruhusiwa ndani ya bayosi kupitia mpangilio uitwao XMP, au EXPO kwa AMD. Mashine nyingi za ofisi hazina mpangilio huo kabisa. Programu zingine husoma nusu, 1600 badala ya 3200, kwa sababu RAM hii hutuma data mara mbili kwa kila pigo. Zote mbili ni namba ya kitu kimoja.

20. Iliwaka vizuri, lakini sasa yaganda au kuleta skrini ya buluu.

Pima kwa MemTest86, inayowashwa kutoka kwenye fleshi kabla ya Windows. Iache usiku kucha. Kosa moja tu ni makosa mengi, stiki irudi dukani. Windows ina kipimo chake, mdsched, chepesi zaidi, chafaa kwa kuanzia. Pima stiki moja moja ili umjue mkosaji.

Usiendelee kufanya kazi ya maana kwenye mashine yenye RAM mbovu. Huharibu faili kimyakimya unapozihifadhi, na hilo nimeliona likimaliza hesabu za mwaka mzima za duka.

## Kesi za nadra

21. Ubao wangu wa DDR5 umekaa na skrini nyeusi dakika kadhaa.

Ngoja. Mara ya kwanza baada ya kubadilisha RAM, ubao hujipima na kujizoeza na stiki mpya, na kwa DDR5 hilo laweza kuchukua dakika kadhaa. Wenye haraka huzima katikati na kuanza upya, wakidhani imekufa. Umeme wa mtaa wenu ukiwa wa kukatikakatika, fanya kazi hii ukiwa kwenye UPS.

22. Nina ubao mkongwe wa Core 2 wenye DDR3. Umekataa stiki mpya ya 4GB.

Mibao ya chipu za G41 haisomi chipu nzito za siku hizi. Yataka stiki ya 4GB yenye chipu 16, 8 kila upande, yaani 2Rx8. Yenye chipu 8 ama haitawaka ama itaonyesha nusu. Mwisho wake ni 8GB.

23. Sloti mbili za upande mmoja zimekufa kwa pamoja.

Hapo usizilaumu sloti. Sloti mbili za njia moja zikizima kwa pamoja, mara nyingi tatizo liko chini ya prosesa. Kwa Intel, pini ziko kwenye ubao, na moja iliyopinda yatosha kuizima njia nzima. Skrubu za feni ya prosesa zikikazwa upande mmoja kupita kiasi pia huleta hilo. Kunyoosha pini kwahitaji lenzi na mkono mtulivu, kwa hiyo mpelekee fundi.

24. Windows 10 imeisha. Bado yafaa kuongeza RAM kwenye mashine ya kizazi cha 4?

Microsoft ilisimamisha matengenezo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi hudai Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (kifaa cha usalama cha mashine). RAM haitakuvusha hapo. Kama uko tayari kutumia Linux Mint, basi 8GB na SSD huifanya mashine hiyo kuwa nzuri kwa miaka bado. Kama lazima iwe Windows na pesa ni haba, iweke kwa ajili ya mashine ya kizazi cha 8, ambayo ni ya DDR4. DDR3 utakayoinunua leo hutaweza kuihamishia huko.

25. Stiki za zamani nizifanye nini?

Usizitupe jalalani. Zifunge kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, au karatasi kavu ukikosa, uandike aina na ukubwa juu yake, pamoja na pakiti ya kufyonza unyevu kama zile za ndani ya sanduku la viatu. Maduka mengi huzipokea kama sehemu ya malipo ukinunua kubwa zaidi. Moja nzuri baki nayo. Siku mashine itakapokataa kuwaka, hiyo ndiyo utakayoanza nayo kwenye swali la 17.